Waya wa Wiki Moja

Lori la Mbodze limeingia gerejini kwa kusukumwa,
vijana wanne wa Maweni na wa tano wa kutoa amri.
Juu ya kioo rangi imebanduka lakini inasomeka:
KESHO NAYO SIKU.
Chumvi ya Gongoni imelilamba mbavu.
"Ufunguo unazunguka bure, Fundi Baya,
kama kijiko kwenye kikombe kisicho na chai.
Hata ngumi halisikii tena."

Ngumi?

"Ngumi. Marehemu baba alitufundisha:
kanyaga mafuta mara mbili, zungusha,
kisha piga hapa, chini ya usukani,
kwa upande wa kidole kidogo.
Ndiyo adabu ya gari letu.
Mama alipiga. Kaka alipiga.
Utingo alipiga hadi akaota sugu."

Nafungua betri kwanza.
Kifuniko cha honi. Halafu ile nati kubwa:
naibembeleza kwa mafuta ya taa, inakataa,
naitukana kwa Kigiriama, inakubali.
Usukani unatoka kama gego.
Ringi, springi, swichi ya indiketa na nyaya zake saba,
nazipanga juu ya gazeti kwa zamu ya kutoka,
maana kichwa changu siku hizi
husahau kabla ya mikono.

Tochi.
Ndani ya nguzo grisi imegeuka halua nyeusi,
na mle, pale jino la kufuli linaposukuma kifito
kinachoshuka kwenda kuiamsha swichi,
kile kipande laini cha madini kimevunjika
na kimefungwa waya.
Waya wa kufungia nondo za ujenzi,
mizunguko mitatu, ncha imekunjwa kushoto.

Ncha imekunjwa kushoto.
Mimi ni mashoto.

Mvua za vuli. Ngowa amesimama mlangoni,
tani kumi za chumvi zinamlilia chini ya turubai,
na mimi kijana mwenye ovaroli mpya
na deni la hiyo ovaroli.
Hii ni ya wiki moja tu, mzee, nilimwambia,
spea ikija kutoka Mombasa nitakuita.
Pesa ya spea nikaipokea.
Spea sikuiagiza.
Jina hili la Baya nilirithi kwa babu;
siku ile nililifanyia kazi.

Wasemao njia ya mwongo ni fupi
hawajaipima hii:
Gongoni, Mombasa, Gongoni,
miaka kumi na tisa,
na kila alfajiri familia nzima
ikiupiga ngumi uongo wangu ili uamke.

"Nani alifunga hivi?"
Mbodze ameinama begani kwangu.
Ningeweza kusema: mafundi wa zamani, Mungu awarehemu.
Mdomo ulikuwa umeshaanza.
"Mimi," nasema. "Na baba yako alilipa."

Nje mtu ananyoosha bodi kwa nyundo.
Ananyoosha kwa muda mrefu sana.
"Basi leo hulipwi," anasema Mbodze,
anakwenda kununua mahamri,
anarudi, anayala yote mwenyewe.

Nakata chuma cha bawaba ya mlango,
nakibana kwenye jiriwa, nakishika kwa tupa.
Napima. Kinakwama. Natoa unene wa unywele.
Napima. Adhana ya alasiri inanikuta
na vumbi la chuma mapajani.
Narudisha vitu vyote kutoka gazetini
na skrubu moja inabaki.
Siku nyingine ningeitia mfukoni.
Nafungua tena, hadi kwenye honi, hadi kwenye nati,
naitafutia tundu lake.

Mbodze anapanda.
Anakanyaga mafuta mara mbili, anazungusha:
tiki, sauti ndogo, kavu, ya kitu kushika kitu,
na injini imeshawaka, inanguruma, moshi umejaa gereji,
ngumi yake inapofika.